Samaki wa Bibi Futi

Wavu ulitoka majini kwa mara ya tatu ukiwa na majani matupu. Rewati aliukung'uta kwa hasira hadi matone yakamrukia Yangji usoni.

"Hata yai moja?"

"Hata moja, dada."

"Vyura wamepiga kelele mpaka wamepata mafua, na huku hakuna hata yai moja!" Rewati alijipangusa paji la uso kwa mkono wenye tope, akazidi kujichafua. "Mwaka jana msimu kama huu nilikuwa naogopa kutia mguu humu nisije nikawakanyaga. Wamekwenda wapi, Yangji? Wewe ndiye mtoto wa hapa. Niambie."

Yangji aliinama, akajifanya anachambua majani yaliyonasa kwenye wavu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya bwawa la Simkuna, umeimeza miti ya ng'ambo na nusu ya bendera za dua zilizofungwa ukingoni. Aliushukuru ukungu ule.

"Labda mvua imechelewa," alisema.

"Imechelewa! Nguo zangu hazijakauka tangu mwezi uliopita."

Waliyekuwa wakimtafuta ni mbwa wa maji. Vitabu vya chuo vinamwita salamanda, lakini kwetu hakuna anayemwita hivyo. Ni mnyama wa urefu wa kiganja, rangi ya kahawa iliyokolea, mwenye safu ya nundu kila ubavu na uso wa mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamtosha. Mwaka mzima hujificha chini ya mawe na magogo, kwenye mashamba ya chai na misituni. Mvua za kwanza zikinyesha hushuka mabwawani, hutaga, kisha hurudi juu. Hapatikani ila kwenye milima hii, na mabwawa aliyobakiwa nayo ni machache. Mengine yamefukiwa yakajengwa nyumba, mengine yametiwa mashua za watalii. Simkuna lilisalia kwa sababu watu wanaliogopa. Lina mwenyewe, nyoka wa chini ya maji, naye hapendi sabuni wala mate.

Yangji alisomea elimu ya wanyama mjini Darjeeling, akarudi kijijini bila kujua la kufanya, na Rewati, aliyetumwa na shirika la kulinda mabwawa, akamchukua awe msaidizi wake. Kazi ilimfaa. Mbwa wa maji si wasemaji, naye pia si msemaji. Waliomtesa walikuwa watu. Mtu akija kufua bwawani, Rewati alimfokea. Rewati asipokuwepo, Yangji alikwenda kukaa nyuma ya mti mpaka mtu huyo amalize. Mwishowe alichukua ubao na rangi, akauacha ubao umsemee: Usifue. Usitupe taka. Usikamate mbwa wa maji.

Jioni ile walitega dema la mianzi. Asubuhi lilikuwa zito. Rewati alilivuta hadi nchi kavu, akachungulia, akapiga mluzi. Ndani alikuwemo kambare mweusi, mnene kama mkono wa mtu, sharubu zikimcheza.

"Haya! Huyu bwana wa tambarare nani kamleta huku juu?" Alimkamata nyuma ya kichwa, akamlaza juu ya jiwe. "Mshike mkia."

Yangji alimshika. Kambare alijipinda kwa nguvu zake zote, na Yangji akajikuta anambana zaidi. Rewati alichomoa kisu. Yangji alitaka kusema ngoja. Kinywa kilifunguka, neno likawa limefika kwenye ulimi, kisu kikapita.

Tumboni mlikuwa na vitoto vya mbwa wa maji, vingine vimeyeyuka nusu, vingine bado vina matamvua yao ya nje yaliyotawanyika shingoni kama unyoya wa ndege. Katikati yao kulikuwa na donge jeupe. Rewati alilisaga kwa vidole, akalinusa.

"Unga wa shayiri," alisema polepole. "Wa kukaanga. Yangji, kuna mtu anawalisha! Kuna mtu kafanya bwawa letu zizi la samaki! Ni mpumbavu gani huyu?"

Yangji alikuwa bado ameushika mkia.

Wakati wa baridi uliopita, Bibi Futi, mama yake mama, alilala kitandani tangu siku za mwaka mpya wetu. Kifua kilimbana, miguu ikavimba, na daktari wa mjini akamrudisha nyumbani akisema apewe kila anachokipenda. Mjomba Gyalbu alikwenda kwa Lama, mtawa mkuu wa hekalu, na Lama akamwambia akakomboe roho. Ndivyo tunavyofanya. Mtu akiwa mahututi, ndugu zake hununua wanyama waliokuwa wanangoja kisu, huwaachia huru, na uhai uliookolewa humwongezea mgonjwa siku. Wenye uwezo hukomboa ng'ombe. Mjomba aliona ng'ombe hamwezi, akashuka sokoni kutafuta samaki.

Lakini samaki wanaopanda milima hii hufika wamekufa, wamelazwa kwenye barafu, na huwezi kumkomboa maiti. Anayefika mzima ni kambare peke yake, maana yeye ukimpa pipa lenye maji ya kumlowesha mgongo tu, huinua pua akavuta hewa kama mimi na wewe. Basi Mjomba akawanunua kambare wa pipa zima, kumi na watatu.

Lama alikuwa amesema wapelekwe mtoni. Mto uko chini bondeni, na Bibi alikuwa ameshikilia kwamba atawamimina kwa mkono wake mwenyewe. Mjomba akambeba mgongoni mpaka Simkuna, ambako ni karibu, na Yangji akafuata na samaki ndooni. Bibi alikuwa amevaa aproni yake ya mistari, ile ya harusi, iliyokuwa haitoki sandukuni. Walipofika ukingoni Mjomba alimkalisha kwenye jiwe, akashika ndoo, akamgeukia Yangji.

"Profesa, wewe ndiye mwenye bwawa. Kuna ubaya?"

Yangji alijua. Chuoni alikuwa amefanya mtihani juu ya jambo hilohilo, samaki mgeni kwenye bwawa lisilo na samaki, akapata alama nzuri. Alimtazama Bibi. Midomo yake ilikuwa ya zambarau, na alikuwa akiitazama ndoo kwa tabasamu, kama mtu aliyeletewa mtoto mchanga ampakate.

"Hakuna ubaya," alisema.

Na Bibi akapona. Kwanza alikaa, kisha akadai pilipili, kisha akamtukana Mjomba kwa kuunguza sufuria, na hapo nyumba nzima ikajua kwamba amerudi. Tangu wakati huo, kila asubuhi alilizunguka bwawa na tasbihi yake, na kifuko cha unga kikining'inia kiunoni. Wanawake waliokuwa wakienda kuchuma chai walimwita kutoka njiani, "Bibi Futi, uhai wako haujambo?" naye alijibu kwa kirefu, akiwaonyesha kwa kidole, "Unaogelea mle! Umenenepa kuliko mimi!" Rewati, aliyerudi kutoka mjini mvua zilipoanza na aliyefika bwawani Bibi akishaondoka, hakuwahi kuyasikia.

Jioni ya siku waliyompasua kambare, Yangji alinawa mikono kwa majivu mara mbili. Bado ilinuka.

"Samaki wangu hawajambo?" aliuliza Bibi, akimmiminia chai ya chumvi na siagi.

Yangji alikuwa ameyapanga maneno tangu njiani. Bibi, kuna jambo. Aliyaona yamejipanga vizuri kabisa.

"Hawajambo, Bibi."

"Yule mwenye kovu mdomoni leo hakuja kula."

"Atakuwa amelala."

"Samaki alale saa ya chakula? Basi ana akili za mjomba wako."

Mjomba, aliyekuwa amelala kwenye benchi, aliguna bila kufumbua macho. Bibi alicheka hadi akakohoa. Yangji alikunywa chai ikamuunguza koo, akainywa hivyohivyo.

Rewati hakupoteza muda. Baada ya siku chache alipata pampu ya kupunguza maji, akakusanya vijana wenye nyavu. Yangji alimwomba wangoje kidogo. Alipoulizwa wangoje nini, alikwenda kukunja nyavu. Pampu ilikuwa ndiyo kwanza inakohoa moshi, Bibi Futi akatokea kwenye ukungu, tasbihi mkononi.

"Mnalifanya nini bwawa?"

"Tunatoa samaki, Bibi," alisema Rewati kwa upole. Alimpenda Bibi. "Kuna mjinga mmoja katia kambare humu."

"Mjinga huyo ni mimi."

Vijana waliangua kicheko. Mmoja wao alipaza sauti, "Kumbe Bibi ana mradi! Tunakula lini?"

"Nyamaza wewe. Mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa, nikayaona matako yako kabla ya uso, na mpaka leo sijaona tofauti." Alipita katikati yao akasimama mbele ya pampu. "Hao wamekombolewa. Kila mmoja kabeba siku zangu. Mkiwatoa, mmenitoa mimi."

Rewati aliizima pampu. "Bibi, sikujua. Nisamehe. Lakini hawa wanakula mayai ya mbwa wa maji na watoto wao. Mwaka huu tumekosa hata mmoja. Mngetuuliza kwanza."

"Mngetuuliza!" Bibi alirudia kwa mshangao. "Binti, sisi si washamba. Mwanangu hakumimina hata tone kabla ya kuuliza. Yangji alikuwepo. Yangji! Mbona umejificha huko? Njoo uwaambie. Si ulisema hakuna ubaya?" Akawageukia vijana, kifua mbele. "Mjukuu wangu amesoma mambo ya wanyama. Ningemuuliza nani mwingine?"

Alisema hivyo kwa fahari. Yangji angependelea matusi.

Alitoka nyuma ya wengine. Watu wote walikuwa wakimtazama, na kitu alichokiogopa maisha yake yote, macho mengi kwa wakati mmoja, kilikuwa kidogo mno kuliko macho ya Rewati peke yake.

"Tulimpasua pamoja," alisema Rewati. Hakupaza sauti. "Ulimshika mkia."

"Mmempasua nani?" aliuliza Bibi.

Bibi alimtazama Rewati, akawatazama vijana, akamalizia kwa Yangji, na hapo fahari ikamtoka usoni kidogokidogo, kama maji yanavyozama kwenye mchanga.

Rewati aliwaambia vijana waende nyumbani. Kisha yeye mwenyewe akaondoka, akaacha pampu pale pale. Bibi alikaa kwenye jiwe lililokuwa karibu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ileile?"

"Siku ileile, Bibi."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umevaa aproni yako ya harusi."

Bibi alizungusha punje moja ya tasbihi, akairudisha. "Ukanionea huruma."

"Ndiyo."

"Na miezi yote hii ninayozunguka hapa nikiwapigia watu kelele, ulikuwa bado unanionea huruma?"

Angesema ndiyo, ungekuwa uongo mwingine. Huruma ilikuwa ya siku ile moja, pale kwenye ndoo. Siku nyingine zote ulikuwa woga tu, uliokaa mahali pa huruma na kuvaa nguo zake. Yangji aliyatazama maji, na Bibi alielewa.

"Hivyo vitoto vyao vikoje?"

"Vidogo. Vina kama manyoya shingoni."

"Nimeviona. Miaka ya nyuma vilijaa pale penye majani." Alionyesha kwa kidevu. "Mwaka huu nilipovikosa nilidhani ni macho yangu. Nikasema, macho ya mzee. Basi nimekuwa nikivila mimi."

"Si wewe, Bibi! Ni samaki."

"Na nguvu alikuwa akizipata nani?"

Aliishika skafu yake kwa pembe, akajifunika nusu ya uso, kama wanavyofanya wasichana wanapopita mbele ya wageni. Yangji hakuwahi kumwona akijificha mbele ya mtu yeyote. Kwa miezi mingi alikuwa amefikiria kwamba siku atakayotua mzigo wake atapumua. Sasa alikuwa ameutua, na aliyeuinua alikuwa mwanamke mzee mwenye kifua kibovu.

Nyumbani Bibi alitoa amri kabla hajavua viatu. Samaki hawatauawa. Mtoni hawatapelekwa, maana Yangji alisema huko nako watakula wasiowahusu, na safari hii alisema bila kungoja kuulizwa. Watachimbiwa tangi la saruji nyuma ya zizi, walishwe mpaka kila mmoja afe kifo chake.

"Nani atachimba?" aliuliza Mjomba Gyalbu.

"Aliyenunua pipa zima akaona fahari."

"Mama! Nifuge kambare kama mtu wa tambarare? Watu watanicheka mpaka mjini!"

"Watakucheka. Chimba."

"Lakini ubao wa Profesa hausemi lolote kuhusu samaki! Nimeusoma. Umesema kufua, takataka, na mbwa wa maji. Mimi ni mtu wa kufuata ubao."

Alisema kwa utani, apate kulainisha mambo. Yangji aliinuka akaenda kukaa na ng'ombe. Alisikia nyuma yake kofi, na Mjomba akisema, "Nimesema nini sasa?"

Nyavu hazikufaa kitu. Kambare akihisi wavu hujizika kwenye tope, na kukausha tope ni kumkausha pia mbwa wa maji aliyebaki. Pampu ilirudishwa ilikotoka. Ndipo Bibi aliposema, bila kumtazama mtu, kwamba samaki wanaujua mkono wake.

Asubuhi ukungu ukiwa bado haujanyanyuka, alikaa ukingoni, akachota unga, akayagonga maji kwa kidole. Yangji alisimama kando yake na wavu wa mpini. Haukupita muda, maji yakavimba mahali pamoja, kisha pengine. Kichwa kipana kilitokeza, sharubu mbele, kikaja moja kwa moja hadi kwenye kiganja. Bibi alimwacha ale kwanza. Alinong'ona kitu karibu na maji, na katika maneno yale ya dua Yangji alisikia neno moja la kawaida, samahani.

"Sasa," alisema.

Yangji aliinua wavu. Samaki alijipigapiga, na Mjomba akampokea kwa pipa.

Wa pili alikuja. Naye alikula mkononi, naye aliinuliwa. Yangji aliona maji ya bwawa yanachezacheza mbele yake, akatambua kwamba ni machozi yake.

"Usilie," alisema Bibi, bado amenyoosha kiganja. "Utawatisha."

Walifanya hivyo asubuhi nyingi, wakirudi nyumbani kabla wachuma chai hawajapita. Wengine walikuja upesi, wengine walihitaji kubembelezwa. Tangi likajaa, Mjomba akalifunika kwa chandarua cha waya ili wasitoroke, akaanza kuwapa majina ya wanasiasa. Rewati alikuja mara mbili kutazama. Alizungumza na Yangji mambo ya kazi tu, kina cha maji na hali ya majani, kwa heshima, kama watu waliokutana jana. Mayai hayakuonekana. Mvua zilianza kupungua, na mbwa wa maji wachache walionekana wakipanda kurudi mlimani, polepole, bila kuacha kitu nyuma yao.

Akabaki kambare mmoja. Huyo aligoma. Wakati mwingine walimwona akija hadi karibu, akageuka, tope likafuka. Pengine alikuwa ameona wenzake hawarudi. Bibi alisema hataondoka mpaka amtoe, hata akikaa mpaka baridi, na sasa kila asubuhi walikaa pale wawili hata baada ya ukungu kunyanyuka, unga kiganjani, wavu magotini, njia ya kwenda kwenye chai nyuma yao.

Na wanawake walipita.

"Bibi Futi! Uhai wako haujambo?" waliita, kama alivyowazoesha.

Asubuhi ya kwanza Bibi alijivutia skafu usoni. Wanawake walisimama na vikapu vyao, wakisubiri kuchekeshwa. Yangji alimngojea Bibi aseme neno, hata la uongo, kisha akaona kwamba anayengojewa ni yeye.

"Tunatoa samaki," aliyaambia magoti yake.

"Mbona? Si alipona kwa hao?"

"Wanawala watoto wa mbwa wa maji. Bibi hakujua. Mimi nilijua, nikasema hakuna ubaya."

Mwanamke aliyekuwa mbele aliweka sawa kamba ya kikapu kwenye paji lake ingawa ilikuwa sawa. "Haya," alisema. "Basi." Wakaondoka, na sauti zao zilianza tena walipofika kwenye kona.

Kesho yake walipita wengine. Na kesho kutwa yake wengine, waliokwishasikia, ambao waliuliza hivyohivyo ili wasikie kwa masikio yao. Yangji alidhani atazoea. Kila asubuhi, aliposikia miguu njiani, alitafuta kwa macho mti wa kujificha, na kila asubuhi alisema yote, mpaka mwisho. Bibi hakumsaidia hata kwa neno moja, wala hakumwambia aache. Mara moja tu, katikati ya maneno, aliuhamisha mkono wake usio na unga akauweka juu ya goti la Yangji, kisha akauondoa, kwa sababu maji yalikuwa yametikisika.

Leo alipita mzee Harkaman, mchuuzi wa dawa za miti, na fimbo yake. Alisimama, akauliza kulikoni. Yangji akamwambia.

"Eeh?" alisema mzee, akiweka mkono sikioni.

Yangji alimtazama Bibi. Bibi alikuwa akiyatazama maji.

"Sema kwa sauti," alisema. "Hajakusikia."

Yangji aliweka wavu chini, akasimama, akaanza tena toka mwanzo.